Beach Reach, Street Pastors au Red Frogs: ukajitolee wapi kuhudumia vijana wa usiku?

Kila mwaka makanisa hutafuta watu wa kujitolea kwa kazi ambayo Wakristo wengi hawaijui vizuri: kukesha katikati ya vijana wanaokunywa na kucheza muziki, kuwapa maji, kuwafikisha walikofikia, na kuwaambia habari za Yesu pale wanapotaka kusikia. Ukimwuliza mchungaji wako uende na kundi gani, huenda akakujibu, "Nenda tu mwanangu, Bwana atakutumia." Ni baraka nzuri, lakini haikusaidii kuchagua, maana huduma hizi hazifanani. Moja inakutaka wiki moja ufukweni, nyingine inakutaka mwaka mzima barabarani. Moja inakutarajia ushuhudie usiku uleule, nyingine inakukataza kuhubiri mpaka mtu aulize mwenyewe.

Hapa nalinganisha tatu: Beach Reach ya Marekani, Street Pastors ya Uingereza na Red Frogs ya Australia. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Kipimo cha kwanza kwangu ni usalama wa mtu aliyelewa akiwa mikononi mwako. Idadi ya watu utakaowahubiria nafasi yake ni ya pili, tena mbali. Mtu aliyelewa ni jirani aliyeanguka njiani, na yule Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha kabla ya jambo lingine lolote.

Utakutana na nani

Beach Reach ni kazi ya Wabaptisti. Inafanyika mwezi Machi, vyuo vya Marekani vinapofunga kwa wiki moja na wanafunzi kumiminika pwani kwa ile likizo wanayoiita spring break. Vituo vyake vinavyojulikana ni South Padre Island, kusini kabisa mwa Texas, na Panama City Beach huko Florida. Wanaohudumu nao ni wanafunzi wa vyuo, rika moja na wanaohudumiwa. Hilo lina faida kubwa, kwa sababu kijana wa miaka 20 humsikiliza mwenzake kuliko anavyomsikiliza mzee. Lakini kumbuka sheria: Marekani umri wa kunywa pombe ni miaka 21, na wengi wanaokunywa pale hawajaufikia. Mwenzao akizidiwa, wanaogopa kuita msaada wasije wakaingia matatani na polisi. Mhudumu anayelijua hilo huokoa maisha.

Red Frogs ilianza mwaka 1997 Gold Coast, Queensland, kwa mkono wa Andy Gourley. Uwanja wake mkubwa ni Schoolies, sherehe za wanafunzi waliomaliza darasa la 12 zinazoanza kuelekea mwisho wa Novemba. Hawa ni wadogo kuliko wale wa Texas, wengi wana miaka 17 au 18, na kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza kulala mbali na wazazi bila mwalimu wala mlezi. Wanapanga vyumba kwenye majengo marefu ya hoteli yanayotazama bahari. Wengine hawajui hata kipimo cha pombe wanachoweza kuhimili.

Street Pastors ilianza Brixton, London, mwaka 2003, chini ya mchungaji Les Isaac na shirika la Ascension Trust. Mwanzoni kilichowasukuma kilikuwa bunduki, visu na magenge yaliyokuwa yakimaliza vijana. Baadaye kazi ikaenea miji mingine, ikahamia zaidi kwenye mitaa ya baa na disko usiku wa wikendi. Huku hutakutana na vijana peke yao. Utamkuta mwanafunzi, utamkuta baba aliyetoka kuachana na mkewe, utamkuta asiye na makazi aliyelala mlangoni mwa duka. Wahudumu nao ni mchanganyiko, na wengi wao ni watu wazima. Bibi aliyestaafu kazi anaweza kuwa ndiye kiongozi wa zamu.

Usiku wenyewe unavyokwenda

Moyo wa Beach Reach ni usafiri wa bure. Kijana anapiga simu, kituo kinapokea, na vani iliyo karibu inatumwa kumchukua. Ndani yuko dereva, na wahudumu wawili watatu wamekaa katikati ya abiria, hawakurundikana mbele. Abiria anaingia na mchanga miguuni, anauliza nauli. Anaambiwa hakuna. Anauliza tena, safari hii akimtazama mtu usoni: kwa nini mnafanya hivi? Hakuna aliyemlazimisha aulize, na jibu la kweli ni jina la Yesu. Wakati wanaongea, mhudumu wa kiti cha nyuma anatuma ujumbe mfupi kwenye chumba cha maombi: jina la kwanza la abiria, na jambo moja alilolitaja. Huko kuna wenzao wanaoomba usiku huohuo, wakijua wanamwombea nani. Mimi mpangilio huo naupenda sana. Unawafanya wale wasiojua kuongea na wageni wawe na kazi kamili, na unamkumbusha aliye ndani ya vani kwamba hayuko peke yake.

Halafu kuna pankeki, za usiku wa manane na za asubuhi, bure. Usizidharau. Asubuhi ndipo watu wanakuwa na akili zao, wana njaa, na wengine wana majuto. Mazungumzo mazito mara nyingi hungoja mpaka hapo. Anayesoma Yohana 21, Yesu alipowaandalia wanafunzi wake samaki na mkate juu ya makaa, ufukweni, kukipambazuka, ataona kwamba wazo hili halikuzuka leo.

Street Pastors hutembea kwa miguu, kwa kawaida kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, Ijumaa au Jumamosi. Wanavaa koti la buluu na kofia yenye jina la huduma, na polisi wanawatambua. Kwenye mkoba kuna maji, blanketi jepesi la kukinga baridi, pipi za kijiti na ndala. Ndala ndizo zinazonigusa kuliko vyote. Msichana ameketi ukingoni mwa barabara, viatu vya visigino virefu ameviweka kando kwa sababu vimemshinda, na mbele yake kuna lami yenye vipande vya chupa. Mama wa makamo anapiga goti, anampangusa unyayo, anatazama kama kuna kigae kimeingia, kisha anamvalisha ndala mguu mmoja mmoja. Hamwulizi amekunywa nini. Anamwuliza rafiki zake wako wapi, na anakaa naye mpaka wapatikane au mpaka teksi ifike.

Wanaokota pia chupa zilizotupwa, zisije zikageuka silaha ugomvi ukizuka. Pipi nazo zina kazi: mtu aliyekuwa akifoka akipewa pipi kwa upole, mara nyingi hupoa. Na huku nyuma kuna waombaji waliobaki kituoni, wakiwasiliana na walio mitaani.

Red Frogs wanachanganya yote mawili na kuongeza la tatu: vyumba. Wanawasindikiza vijana kwa miguu hadi hotelini, wana laini ya simu ya msaada, wanagawa maji na zile peremende nyekundu za umbo la chura zilizowapa jina. Lakini pia wanaingia kuwapikia pankeki na kuwasafishia chumba kilichochafuka. Kijana akiona mgeni anafuta matapishi yake bila kumsema, moyo hufunguka kwa namna ambayo mahubiri hayawezi. Isitoshe, aliye chumbani huona mambo yasiyoonekana barabarani: roshani ya ghorofa ya kumi na watoto waliolewa wakiikalia ukingoni, dada aliyefungiwa chumba cha pili, kijana anayelia peke yake bafuni. Ndiyo maana nasema huduma ya vyumbani ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Usiingie chumba cha mtu peke yako, hata kama umeombwa kwa machozi.

Kuhubiri, kunyamaza, na mtu aliyelewa

Hapa ndipo tofauti ilipo, na hapa ndipo watu wengi huchagua vibaya.

Beach Reach haifichi: inataka watu wamjue Kristo, na mhudumu anafundishwa kushuhudia. Kuna wanaomkiri Yesu wiki hiyohiyo na kubatizwa baharini palepale. Street Pastors wanafundishwa kinyume chake kwa mpangilio: kusikiliza, kujali na kusaidia. Hawahubiri mtaani. Ukiulizwa kuhusu imani yako, unajibu bila kusita. Ukiombwa sala, unaomba. Usipoulizwa, unatoa ndala na kwenda zako. Red Frogs wako karibu na hao: ni Wakristo, hawalifichi, lakini hawaji na mahubiri chumbani.

Kuna ndugu watakaokwambia kwamba kunyamaza ni kuionea haya Injili. Nimelitafakari sana shtaka hilo na silikubali. Mtu aliyelewa hawezi kusaini mkataba ukakubalika, hawezi kukubali jambo lolote kubwa la maisha yake akawa amelikubali kweli. Kwa nini basi jambo kubwa kuliko yote tumwombe aliamue saa nane usiku, ulimi ukiwa mzito, na sisi ndio tumeshika funguo za gari linalompeleka alikofikia? Atakubali chochote ili afike. Asubuhi hatakumbuka, au atakumbuka kwa aibu, na siku nyingine akimwona Mkristo atavuka barabara.

Haina maana kwamba Beach Reach inakosea. Wahudumu wake wazuri wanaijua tofauti: usiku wanasikiliza, wanaomba, wanamwalika mtu kwenye pankeki. Hata ndani ya vani si kila abiria amelewa. Kuna dereva wa kundi aliyejinyima pombe, kuna aliyechoka anatafuta kurudi kulala, kuna aliyekuja likizo akitafuta furaha na hakuipata. Hao wana masikio. Kosa liko kwa timu inayohesabu "maamuzi" kila alfajiri kama mavuno. Ukisikia kiongozi anawauliza wahudumu wake usiku huu mmepata wangapi kabla ya kuwauliza usiku huu nani alikuwa hatarini, fikiri upya.

Kama moyo wako unawaka kuhubiri waziwazi, kuna mlango mwingine wa halali kabisa: mchana. Cru, shirika lililoanzishwa na Bill Bright mwaka 1951, lina kazi iitwayo Big Break huko Panama City Beach, ambapo wanafunzi hupata mafundisho asubuhi na kwenda kuzungumza na watu ufukweni mchana. Mtu wa saa sita mchana anaweza kukukatalia akiwa na akili timamu, na haki ya kukataa ni sehemu ya kuamini.

Kuna pia njia ya maombi ya muda mrefu. Mtandao wa 24-7 Prayer, ulioanza Chichester, Uingereza, mwaka 1999, ulipeleka timu Ibiza, Hispania, kuanzia mwaka 2000, kuombea na kuhudumia vijana wa disko za San Antonio. Naitaja ili ujue ipo. Ulinganisho wake unataka makala nyingine.

Mafunzo na gharama

Street Pastors ndio wenye masharti magumu zaidi, na kwangu hiyo ni sifa. Lazima uwe na miaka 18 au zaidi, uwe mshiriki wa kanisa kwa muda wa kutosha kiasi kwamba mchungaji anaweza kukudhamini, upite kwenye uchunguzi wa rekodi za jinai, na umalize mafunzo marefu yanayogusa kusikiliza, dawa za kulevya, sheria na usalama mtaani. Red Frogs nao wana mafunzo ya lazima, na kwa kuwa wengi wanaowahudumia Queensland ni chini ya miaka 18, suala la kibali cha kufanya kazi na watoto si la kupuuza. Beach Reach ni fupi: mafunzo mengi hupewa na kundi la chuo kabla ya safari, na mengine mkishafika. Kiongozi wenu akiwa makini, mtaiva. Akiwa mzembe, mtafika Texas mkiwa na fulana tu.

Fedha kote hutoka kwako, kwa kanisa lako au kwa marafiki. Safari ya Beach Reach ina nauli, malazi na chakula cha wiki nzima. Red Frogs vivyo hivyo. Street Pastors haina safari, kwa sababu unahudumu mji unaoishi, ila mafunzo na sare vina gharama ambayo makanisa mengi husaidia.

Popote uendako, uliza kama mtafundishwa jambo hili, na wasipokufundisha jifunze mwenyewe. Mtu aliyelewa asiyeamka ukimtikisa, anayepumua polepole au kwa kukatizakatiza, mwenye ngozi ya baridi au midomo iliyobadilika rangi, si wa kuachwa "alale ipungue". Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, usimwache peke yake, na piga simu ya dharura: 911 Marekani, 999 Uingereza, 000 Australia. Kahawa haimwondolei ulevi, wala kumwagia maji ya baridi. Maombi yaendelee, lakini simu itangulie.

Mahali hubadilika

Hili watu hulisahau wanapopanga safari. Fort Lauderdale, huko Florida, ndiyo iliyokuwa makao makuu ya likizo hii ya spring break. Mwaka 1985 walifika wanafunzi wapatao 350,000, kisha mji ukabana sheria na umati ukahamia kwingine. Panama City Beach ikapata zamu yake, na baada ya matukio mabaya ya Machi 2015, pamoja na watu saba kupigwa risasi kwenye sherehe ya nyumbani, mji ukapiga marufuku pombe ufukweni kwa mwezi mzima wa Machi. Kuanzia 2016 umati ule wa zamani ulipungua. South Padre Island bado inaruhusu pombe ufukweni, ila chupa za kioo haziruhusiwi. Kwa hiyo huduma ya ufukweni hufuata umati, na timu iliyozoea hadithi za miaka ya nyuma inaweza kufika ikakuta familia na watoto wakijenga ngome za mchanga. Mtaa wa baa katika mji unaoishi hauhami hivyo. Wiki ijayo mlinzi wa mlangoni ni yuleyule, muuza chakula ni yuleyule, na asiye na makazi anajua jina lako.

Wewe uende wapi

Kama uko chuoni Marekani, una wiki moja ya Machi na hujawahi kuongea na mgeni kuhusu imani, Beach Reach itakufaa. Ukiwa ndani ya vani una dakika kumi zilizotulia, una mwenzako pembeni, na kuna watu wanaokuombea kwa jina. Hakuna shule ya kushuhudia iliyo bora kuliko hiyo kwa anayeanza. Nenda na kundi lenye kiongozi aliyewahi kwenda.

Kama una mwili wenye nguvu, huchoki kupanda ngazi, hukinai uchafu na unawapenda vijana wadogo kiasi cha kufua taulo zao bila kuhubiri, Red Frogs. Lakini jichunguze kwanza. Kama wewe mwenyewe umeacha pombe juzijuzi, vyumba vile si mahali pako mwaka huu. Omba kazi ya simu au ya kituoni, nayo ni huduma kamili.

Kama unaishi Uingereza, una familia, una kazi, unaweza kutoa usiku mmoja kwa mwezi lakini huwezi kutoa wiki, chagua Street Pastors bila kusita. Na nikilazimika kuchagua moja tu kati ya tatu, ningechagua hiyo, kwa sababu ndiyo pekee inayokupa nafasi ya kumwona mtu yuleyule tena. Beach Reach inapanda mbegu usiku mmoja na kuondoka. Kuna mtu lazima abaki akimwagilia.

Kabla hujalipa ada yoyote, mwulize kiongozi wa timu mambo haya, na usiridhike na jibu la jumla. Ni nani hupanda gari au kuingia chumbani na msichana aliyelewa, na ni nani haruhusiwi? Mwanamume akidai "huyu ni wangu, nitamchukua mimi", mnafanya nini? Polisi na hospitali ya pale wanawajua? Mhudumu akiona jambo baya, asubuhi anazungumza na nani? Na kijana akisema usiku ule kwamba anataka kumfuata Yesu, ni nani atakayempigia simu Jumatatu, akishaamka, akiwa amerudi mjini kwao, na kanisa gani la huko limeshaambiwa anakuja? Kiongozi akikuonyesha jina la mtu na namba ya simu kwa swali hilo la mwisho, lipa ada.